Mshipi wa Kijani

Mzee anayeuza mishipi ya kuvulia pale Mwaya hakupi mshipi kabla hajaupima. Anaupitisha kwenye mdomo wa chini kutafuta mikwaruzo, anafunga fundo, analilowesha mate, anavuta. “Ukikatikia kwenye fundo, huo wa kufungia migomba!” Wiki nzima aliusifia ule wa kijani, eti samaki aina ya mbasa hauoni majini. Juzi akaja mke wa mwanawe kumchukulia mumewe mshipi. Kwa mila zetu Wanyakyusa, mkwe na baba mkwe hawatazamani. Mzee na maneno yake yote akatoka kwa mlango wa nyuma. Aliporudi, mkwe alishaondoka na mshipi mweupe. Mezani kulibaki kipande cha kijani, kimekatikia kwenye fundo. Jana nikauulizia ule wa kijani. Mzee akacheka. “Huo fundi aliyekuja juzi ameukataa.”