Tela Si Mkokoteni

Nilisukuma mkokoteni Kariakoo kwa miaka tisa kabla sijapata pikapu, na sikuwahi kumwaga mzigo wa mtu. Nasema hivi ili ieleweke kwamba vigae vya kaburi la mama sikuvipakia kwa uzembe. Nilivipakia kwa ujuzi, na ujuzi ndio ulioniponza.

Mama tulimzika nyumbani, Kilimanjaro. Kwetu kaburi haliachwi udongo mtupu. Mwaka ukigeuka watoto hulijengea, padri akaja kulibariki. Kaka zangu huko walitoa saruji na fundi, mimi wa mjini nikapewa vigae. Nilichagua rangi ya maziwa yenye mishipa ya kijani, nikachukua boksi ishirini, za mwisho dukani. Baraka ilikuwa keshokutwa. Vikivunjika njiani, vingine hakuna.

Naona aibu kidogo kuandika hili, lakini asubuhi ile nilikuwa na furaha. Tangu msiba nilikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa tu. Siku hiyo niliamka napiga mluzi, maana sikuwahi kuvuta tela maishani, na mara yangu ya kwanza ilikuwa kumpelekea mama.

Wenzangu wa zamani walikuja kupakia. Kwenye mkokoteni mzigo hukaa juu ya ekseli inayoshika magurudumu na kuegemea nyuma kidogo, ili mikono iwe myepesi. Ukiwa na mikono mizito hufiki hata Mnazi Mmoja. Tukapanga boksi kwa mtindo huo huo, na magunia manne ya mchele wa wageni tukayaweka nyuma kabisa. Nikanyanyua chuma cha mbele cha tela kwa mkono mmoja.

"Unyoya!" wakashangilia. "Bado hujazeeka, mwamba!"

Mama mdogo, anayefuatana na mama kuzaliwa, akapanda mbele pamoja nami. Yeye huuza maharage ya jumla mtaa wa pili.

Tulipoanza kuteremka Jangwani, tela likaanza kuyumba. Mwanzoni taratibu, halafu kwa nguvu, kushoto, kulia, hadi makalio ya pikapu nayo yakafuata.

"Baba, nani anatusukuma?" mama mdogo akauliza.

"Hakuna mtu, mama mdogo."

"Basi mwambie huyo hakuna mtu aache!"

Sikukanyaga breki. Watu husema nilitumia akili. Ukweli ni kwamba mguu ulikuwa umekufa ganzi, gari likapungua mwendo lenyewe na tela likatulia. Bodaboda mmoja akatupita akipiga kelele, "Mzee, tela lako limelewa!"

Nikaegesha pembeni, nikampigia fundi aliyelichomelea tela. Nilipomweleza tulivyopakia, alicheka mpaka akakohoa.

"Kaka, hilo si mkokoteni! Mkokoteni unausukuma wewe, ukiwa mwepesi unashukuru. Tela linavutwa. Lisipoliegemea gari, linajiamulia njia. Uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli. Ukipima pale mbele, pale panapofungwa kwenye gari, upate kama sehemu ya kumi ya uzito wote."

"Si bora nirundike kila kitu mbele, basi?"

"Thubutu! Pikapu itakaa chini kama mbwa, pua juu, na usukani utashika hewa."

"Sasa hiyo sehemu ya kumi nitaijuaje?"

Mama mdogo akaninyang'anya simu. "Fundi, mizani ninayo mimi. Geuza gari, baba."

Tukarudi polepole, taa zote zinawaka. Mbele ya duka lake tukatoa mizani ya kupimia magunia, tukaweka kipande cha mbao juu yake, na juu ya mbao tukakilaza kile chuma cha mbele. Kilo kumi na nane. Tela lenyewe na mzigo wake, kwa hesabu yetu, vilikuwa zaidi ya tani moja! Tukahamishia magunia yote mbele: mia mbili na themanini. Tukarudisha mawili nyuma, tukasogeza boksi, tukapima tena. Watu walikuwa wameshajaa kama wanatazama mpira, kila mmoja anataja kilo zake.

"Mia na kumi na nane!" mama mdogo akapiga ukelele. "Funga! Asiguse mtu!"

Wale wenzangu wakafunga kamba huku wananitania kwamba miaka tisa yote niliwadanganya.

Jangwani kwa mara ya pili nilishuka nimeshikilia usukani kwa kucha. Hamsini. Sitini. Kupanda Magomeni. Tela lilitufuata kimya kimya, limenyooka.

"Mama mdogo, tazama nyuma!"

"Sitazami. Nikilitazama litakumbuka."

Nikacheka kwa sauti, naye akacheka, na hatukunyamaza mpaka Kibaha.

Usiku tukafika nyumbani. Kaka zangu walifungua boksi moja moja chini ya taa ya baraza, wakagonga kila kigae kwa kidole. Vyote vilikuwa vizima. Kimoja nilikikanyaga mimi baadaye, tukivirudisha kwenye boksi, kikapata ufa, nami nikasema pale pale kwamba ni mimi. Fundi wa kaburi akakiweka upande wa miguu. Padri alipomwaga maji ya baraka, yaliingia pale kwenye ufa kwanza.