Nyasi za Chumvi kutoka Eyasi

Mdogo wangu aliolewa Mang'ola, bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Mimi niliolewa hapa hapa Karatu, mashamba mawili kutoka kwa mama. Baba alikuwa amefariki na mama hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo kazi ya kumtunza ilikuwa yangu. Nilimchotea maji, nikampalilia mahindi, nikampelekea uji kila asubuhi. Hayo sikuyaona mzigo. Kilichoniuma ni nyasi.

Shemeji alilima vitunguu, na kila kiangazi lori la vitunguu lilipopanda Karatu, mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya magunia, vumbi hadi kwenye kope, na kando yake matita ya nyasi za ziwani. Nyasi hizo huota kwenye udongo mweupe wa magadi, mahali ambapo majani mengine hufa. Ni ngumu, ncha zake huchoma, na ukilamba jani asubuhi unakuta chumvi. Ng'ombe wa mama walizigombania. Magadi niliyowanunulia mimi sokoni waliyalamba kwa uvivu.

"Mtoto ameniletea nyasi," mama aliwaambia majirani, na uji wangu ukipoa. Alikinusa kitita kama mtu anayenusa utosi wa mtoto mchanga.

Mume wangu alimwezekea nyumba kwa bati, akiwa wa kwanza upande ule. Mama alishukuru, kisha akasema linapiga kelele mvua ikinyesha. Mdogo wangu alimwezekea kibanda cha ndama kwa nyasi zake, na sifa za kibanda kile nilizisikia miaka na miaka: hakina mchwa, hakina joto, ndama analala vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ukame ulikausha malisho yote ya juu. Mama akasema ng'ombe wapelekwe kwa mdogo wangu.

"Kule kuna joto na malaria," nikamwambia.

"Wakibaki hapa watakufa. Wakiondoka, na mimi naenda."

Tukateremka, mimi, mama na mume wangu, mtoto wangu akikohoa mgongoni kwangu, tukiwaswaga ng'ombe taratibu kwenye vumbi. Mdogo wangu alitupokea njiani akikimbia, akamkumbatia mama kwanza, akakaa naye hivyo kitambo kirefu kabla ya kunigeukia. Nyumbani kwake nilitafuta kasoro. Paa lilikuwa la nyasi zile zile, na kamba, na ufagio, na mkeka aliomtandikia mama. Vyote vilikuwa nadhifu. Niliona vibaya zaidi kuliko kama ningekuta uchafu.

Kesho yake alinichukua ziwani kukata nyasi. Ardhi ilimetameta hadi macho yakauma. Vidole vyangu vilichanika, vyake havikuwa na alama.

"Unajua sana kumfurahisha mama," nikasema.

Aliendelea kukata. "Wewe unamwona kila siku, dada. Anaumwa, unajua wewe. Anacheka, unasikia wewe. Mimi nina nini? Vitunguu mama hali. Nina nyasi hizi tu. Niachie nyasi."

Alipokwenda kufunga kitita chake nilichimbua shina moja na mizizi yake, nikalifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ya kurudi nilimfungia mama nguo zake. Akazifungua.

"Nabaki na ng'ombe wangu mpaka mvua," akasema.

"Nani atakupikia?"

"Kwani huyu hapiki?"

Nilipanda mlima nyuma ya mume wangu. Nyumbani nikapanda lile shina kando ya zizi la mama, nikalimwagia maji ya kuoshea vyombo. Majirani waliniuliza kama mama amehamia kwa mtoto wake kipenzi. Nikawajibu anakula hewa ya ziwani. Mvua zilinyesha, tukapanda, tukapalilia, mama hakurudi. Kila lori la vitunguu niliposikia likinguruma barabarani nilitoka na jembe mkononi kutazama, halafu nikarudi shambani nikipiga udongo kama umenikosea.

Mama alirudi na mdogo wangu mahindi yalipokomaa, wakiwaswaga ng'ombe, mama amekonda, ngozi imeungua kwa jua. Nyasi zangu zilikuwa zimefika kiunoni, kijani kabisa. Mdogo wangu aliziona kabla hajashusha mzigo. Akasimama.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," akasema kwa sauti ya chini.

Mama akachuma jani, akalamba, akalitema. "Hili halina chumvi," akasema. "Udongo wetu mtamu mno. Limekuwa jani tu." Akamwita ng'ombe, naye akanusa, akapita.

Mdogo wangu akaanza kucheka. Mama akacheka naye, wakashikana mabega. Mimi niliingia jikoni nikachochea moto usiohitaji kuchochewa. Baadaye mdogo wangu alinifuata, akaketi karibu nami, akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Hatukuzungumzia nyasi. Alinieleza jinsi mama alivyokuwa akiniulizia kila jioni, kama nimekula, kama mtoto wangu amepona kikohozi. Nilitaka kumwamini, na nadhani alisema kweli.

Lori liliporudi Mang'ola, mama alimsindikiza mdogo wangu hadi barabarani. Akabaki pale amejikinga jua kwa mkono, vumbi likishuka juu ya kanga yake. Nilimwita aje kula. Alisema anakuja, asimame kidogo kwanza.