Mwanangu na Tiketi ya Pili

Hasira ile haijanitoka, na wala sitaki initoke.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi hapa Kibiti. Mama yake yuko Mloka kwa mumewe, na mpunga ukishatoka hakuna wa kumbandua shambani, maana akigeuza kisogo tu tembo wameshaingia. Mtoto huyu ana nguvu tangu mdogo. Alikuwa akienda kuteka maji ndoo kichwani, nyingine mkononi, na bado anaimba. Alipokwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani akawaona vijana wa mazoezi, akajiunga nao. Akarudi na mwenzake, binti wa Ikwiriri asiyejua kunyamaza, wakawa wanajifua kwenye ghala la korosho likiwa tupu. Wanavuta tairi la lori kwa kamba, wanabeba viroba vya mchanga mabegani, wanakimbia kuzunguka nguzo. Watu wanakuja kuchungulia kama kuna ngoma.

Mwaka huu wakashinda huko Dar, wawili kwa pamoja, na kilabu chao kikasema kitawapeleka Ulaya.

"Ni mashindano ya ndani, bibi," akanieleza. "Ukumbini. Mnakimbia, mnasukuma chuma, mnakimbia tena, mnabeba mfuko wa mchanga."

"Kwa nini wakimbie ndani? Nje kuna simba?"

"Kuna baridi, bibi."

"Na huo mchanga mnaupeleka wapi?"

"Hatuupeleki popote. Tunafika nao mwisho, tunautua."

Nikasema haya. Mimi nimebeba mpunga kutoka bondeni mpaka shingo ikaingia ndani, na hakuna aliyenipigia makofi. Kama wapo watu wanaompigia makofi mwanamke kwa kubeba mzigo, mimi ni nani hata nimzuie asiende kuwaona?

Sasa, kwetu msafiri wa mbali haondoki hivi hivi. Ndugu wanakaa, ubani unachomwa, na mjomba wake ndiye anayefungua dua. Mjomba asipoinua mikono, ya wengine wote inabaki mapajani. Na mjomba mwenyewe ni mwanangu wa kumzaa. Nikamwita Ijumaa baada ya swala. Akaja na kanzu iliyonyooshwa, akala, akaongezwa, akala tena. Ndipo akasafisha koo.

"Mama, mtoto wa kike hasafiri bila maharimu, mwanamume wa damu yake."

"Haya. Unasemaje?"

"Tiketi si zipo mbili? Moja yake, moja yangu. Nitamsindikiza."

Yule binti wa Ikwiriri alikuwa ameshika birika la kunawisha. Akalitua chini.

"Mjomba, hiyo si nafasi ya kusindikiza, ni nafasi ya kusukuma. Ni yangu mimi. Au na wewe utavaa suruali ya kubana?"

Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao.

"Sisemi na wewe," mwanangu akafoka. "Mimi nitakaa pembeni, yeye atakimbia."

"Tumeandikishwa wawili, mjomba, na tunaingia wawili. Mmoja akikosekana, mwenzake haruhusiwi hata kufunga kamba za viatu."

Kumbe muda wote huo alidhani tiketi ya pili imewekwa kwa ajili ya mkubwa wa nyumba. Angesema nimekosea, tungeyamaliza pale pale. Hakusema. Akakunja mikono kifuani.

"Basi asiende. Mimi mikono siinui."

Mjukuu wangu akainama. "Bibi, basi tuache. Sitaki mgombane kwa ajili yangu."

Hapo ndipo niliposimama.

"Wewe," nikamwambia mwanangu, "siku mtoto huyu alipopanda basi kwenda kufua nguo za watu, hajui hata Dar inaanzia wapi, maharimu wake alikuwa nani? Konda?"

"Ile ilikuwa shida, mama."

"Kwenye shida aende peke yake, kwenye raha ndiyo umkumbuke? Simu hiyo mfukoni mwako aliinunua yeye kwa ufuaji ule. Hukumuuliza alisafiri na nani."

Nami nasali, najua dini inasemaje. Angelileta neno la dini peke yake ningekaa nimsikilize. Angesema tumtafute mama wa makamo wa kuwalea huko waendako, ningemwambia umenena. Lakini yeye aliitanguliza tiketi ndani ya moyo wake, halafu dini akaivika juu kama kanzu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Nikakaa chini, nikainua mikono mwenyewe. Shemeji yangu, mzee wa watu, akakohoa, maana halijawahi kutokea mwanamke akafungua dua ya safari na mjomba yupo hai amekaa, tena ameshiba. Nikaanza kwa sauti. Nilipofika katikati nikasikia kanga zinachakacha, mikono inapanda mmoja mmoja, na wa shemeji ukapanda. Mwanangu alikuwa mlangoni anatafuta viatu.

Wanaondoka keshokutwa. Jana mwanangu ametuma salamu kwamba atakuja na bodaboda yake awapeleke stendi, mjukuu wangu na mwenzake na mabegi yao.

Nimemjibu wana miguu.