Mkono wa Mwanamke Mwenye Kamera

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mimi ndiye niliyembembeleza Bibi twende sinema.

Likizo ile nilikuwa nimerudi Msambweni kutoka shule ya wasichana Mombasa, na Bibi alikuwa bado hajasema kama nitarudi au nimesoma yakatosha. Mama alikuwa radhi, lakini kwetu mwenye neno ni Bibi. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya wanawake wa mtaa wetu. "Nitakujibu Ijumaa," aliniambia, nami sikuthubutu kumuuliza mara ya pili. Ninayoyataka huyaandika daftarini; kuyasema ndiko kunakonishinda.

Jumatano ikaja gari ya sinema. Karani wake alizunguka na kipaza sauti akitangaza kwamba baada ya Isha, uwanjani, bure, ataonyesha maisha ya mwanamke wa kwanza wa Kizungu kwenda vitani kupiga picha. Nilitaka kuruka. Nikajiambia, Bibi akimwona mwanamke aliyesoma, mwenye kazi yake, anayeheshimiwa na majemadari, basi maneno yamekwisha.

Tukaketi nyuma ya shuka ya kuonyeshea sinema, kama desturi. Wanaume mbele, wanawake nyuma, picha inapenya kitambaa na kila mtu anaona. Zaidi ya hapo sikuwa nimefikiri.

Mwanamke akatokea amevaa suruali na kamera shingoni. Nikamwangalia Bibi kwa pembe ya jicho. "Vitani huko, avae nini?" alisema. Nikapumua. Halafu yule mwanamke akaketi mezani na maofisa, akamega mkate, akala.

"Kwa mkono wa kushoto!" Shangazi, aliyeketi kando yetu, akapiga kelele.

"Astaghfirullahi," wakaitikia wanawake jamvi zima.

"Bibi, si kushoto," nikanong'ona. "Sisi tuko nyuma ya shuka, ndiyo maana tunaona kinyume. Wanaume kule wanamwona anakula kwa mkono wa kulia."

"Aa, kumbe!" Shangazi akadakia. "Akitazamwa na wanaume anajua adabu, akitazamwa na sisi anatoa wa kushoto!"

Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa leso. Mimi nilitamani jamvi linimeze. Na sinema yenyewe haikunisaidia, maana hapo hapo jemadari alipiga saluti ya kushoto, na mganga akamnywesha mgonjwa dawa kwa kushoto.

"Kabila zima halikufunzwa," Bibi akasema.

Yakatokea maandishi. Nikaona nimeokoka. "Tazama, Bibi! Maandishi yanaanzia kulia. Kizungu huanzia kushoto. Si unaona yamegeuka?"

Bibi akanitazama kwa huruma, kama mtoto aliyesahau alifu yake. "Maandishi huanzia kulia, mjukuu wangu. Hapo peke yake ndipo hawakukosea."

Yeye kusoma kwake ni kwa herufi za Kiarabu tu.

"Na haya ndiyo mnayofunzwa Mombasa," akaendelea. "Basi hakuna haja ya kungoja Ijumaa. Hurudi."

Mkanda wa kwanza ukaisha, karani akawasha taa ili atie wa pili. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ilikuwa hasira. Nilimwinua Bibi, nikamzungusha shuka mpaka upande wa wanaume, mimi niliyeshindwa hata kupita mbele ya duka wanaume wakiwa wawili tu barazani. Wote waligeuka.

"Shikamoo, Mama," mjomba wangu alisimama ameduwaa. "Mnatafuta nini huku?"

"Marahaba. Kuna mtu tunamtazama mkono," Bibi akajibu, akabaki wima.

Mkanda wa pili ukaanza, na yule mwanamke, Mungu anisamehe, akakataa kula. Alikimbia, akalala matopeni, akapiga picha mizinga, akajeruhiwa mguu. Mjomba, aliyekwenda kupigana Bama na Keya, jeshi la Waingereza, alikuwa akinung'unika sikioni mwangu: "Uongo mtupu. Bama nzima sikuona mwanamke mwenye kamera." Mwanamke akampa ofisa mkono.

"Wa kulia huo, Bibi!"

"Kuamkiana si kula. Ngoja."

Tukangoja, uwanja mzima ukitutazama sisi kuliko sinema. Hatimaye, katika hema la wagonjwa, akaletewa biskuti. Akaichukua kwa mkono wa kulia. Akala.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema. "Ana adabu zake, maskini. Twende nyumbani."

"Bibi, haijaisha! Wanataka kumkata mguu!"

"Nilichokuja kukiona nimekiona. Na wewe utarudi Mombasa. Mtu aliyefunzwa kwao hata vitani hala ovyo."

Mbele ya Shangazi, aliyekuwa akitungoja njiani, alisema vile vile, na Shangazi akafyonya. Nilimbusu Bibi mkono. Nilifurahi, nisiseme uongo, lakini kila baada ya hatua mbili nilikuwa nikigeuka nyuma kuitazama ile shuka inayowaka uwanjani.

Asubuhi nilimkimbilia Mjomba. "Walimkata mguu?"

"Nani?"

"Yule mwenye kamera!"

"Aa, mimi niliondoka nyuma yenu. Bama, mwanangu, kulikuwa na mvua, usidanganywe..."

Nimeuliza Msambweni yote, na mwanamke mmoja wa Gazi aliyekuja kwa miguu. Kila mtu anakumbuka alivyokula biskuti. Jumatatu narudi shuleni, na mguu ule sijui.