Jiwe Jekundu Lililokataa Jua

Mimi nina mdomo, kwetu wanajua, na siku niliyomwita sonara mwizi nusu ya mtaa ilinisikia.

Pete ilikuwa ya shangazi yangu, aliyovishwa na marehemu mumewe walipooana. Jiwe lake lilikuwa jekundu la kuiva, nasi tukiliita yakuti. Tuliliona usiku wa kupamba bibi harusi tu, kina mama tumejaa ukumbini chini ya taa, shangazi akipunga vidole kana kwamba anafukuza nzi. Harusi ikiisha, pete hurudi sandukuni. Mwaka juzi jiwe lilianza kucheza, akanituma kwa mzee sonara wa Mji wa Kale alikaze.

Nilipokwenda kuichukua, mzee alinionyesha chini ya balbu yake ya manjano. Nikaridhika, nikatoka. Penye jua nikaitazama tena. Kijani! Kijani cha chupa ya soda.

Nikarudi mbio, hata salamu sikumpa. "Ami, umebadilisha jiwe! Yakuti ya shangazi iko wapi?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua vipuli wakavirudisha mezani, wakashika njia ya mlango. Sonara akivumishiwa wizi ndio mwisho wa duka lake, na mimi nilikuwa nimeshapiga kelele.

"Ngojani kwanza, mama zangu," mzee akawaambia. Akanigeukia mimi. "Ishike pete. Toka nde."

Nikatoka. Kijani.

"Ngia ndani."

Nikaingia. Nyekundu!

"Toka. Ngia. Toka tena, mwanangu, mato yako yazoee."

Alinizungusha mara nne, wale wanawake wameshikana mabega kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Kunikomesha kabisa, akalichomoa jiwe, akaliweka juu ya kipande cha sponji kinachoelea bakulini, akasogeza sumaku kali aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu. Sponji ikaifuata sumaku, na jiwe juu yake.

"Yakuti haivutiki hivi," akasema, akilirudisha jiwe kwenye pete. "Hii ni ganeti, jiwe la huku huku kwetu bara. Lakini ganeti za kugeuka rangi nimeziona mbili tu umri wangu wote. Mwambie shangazi yako asiiuze kwa bei ya yakuti za hao wanaoringa mjini. Hii yazishinda."

Nikamwomba radhi mbele ya mashahidi. Alinisamehe, ila aliniuzia vipuli nisivyovitaka.

Njia nzima nilikuwa nikiogopa. Nitamwambiaje mwanamke aliyeringia yakuti maisha yake yote kwamba si yakuti? Nilimkuta barazani, nikaiweka pete juani, nikamweleza yote. Ile rangi haikumshtua hata kidogo. Alishtuka niliposema jiwe ni adimu.

"Yani si kigae cha chupa?"

"Si chupa, shangazi."

Akaketi. Kumbe aliiona kijani asubuhi ya pili ya ndoa yake, akasadiki kwamba ameolewa na mwongo, akanyamaza ili amsitiri. Ndiyo maana hakuivaa mchana hata siku moja.

"Na mumeo hakujua kwamba ulikuwa ukimshuku?" nikamuuliza.

Alicheka sana, akacheka mpaka akatoa machozi, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma.

"Kila akinambia anipenda," akasema, "nalimjibu, 'Haya, nimesikia.'"