Baiskeli ya Buluu Mbele ya Nyumba Yangu

Chekeni tu, maana hata nikinyamaza mtasimuliwa na watu wa kartie, mtaa wetu, ambao hawajachoka. Siku ile pale Kalemie, wakati wa Zaire, niliaibika mbele ya wakubwa na watoto, na hakuna aliyenisukuma isipokuwa wivu wangu.

Jirani yetu Ngoy alikuwa anapeleka ndagala, dagaa wa ziwani, Manono kwa baiskeli, siku nyingi njiani, anarudi na hadithi za kutosha wiki nzima, na baiskeli yake ilikuwa ya buluu. Jioni moja alipita, mke wangu Mama Feza akaitazama ile baiskeli akasema, "Ile kinga inapendeza, ona vile inang'aa." Maneno hayo tu. Mimi nilikuwa mwalimu, nina baiskeli yangu nyeusi niliyokuwa naiandaa kwa safari ya likizo, niende hukohuko Manono kumwona kaka yangu (kaka alikuwepo kweli, lakini nilitaka zaidi mke wangu aone kwamba si Ngoy peke yake mwenye miguu), na kuanzia jioni ile nikaiona imezeeka, na Ngoy hata akitusalimia mimi nasikia amemsalimia mke wangu kwanza.

Nikaipeleka kwa siri kwa Papa Lumbwe, fundi wa kupaka mitumbwi rangi kule ufukoni. Alikuwa na makopo matatu. Kijani nikakikataa, maana ndiyo ilikuwa rangi ya chama, watu wangeuliza nimepewa cheo gani. Nyekundu akaikataa yeye: vumbi la njia ya Manono ni jekundu, nani atajua kama umeiosha? Ikabaki buluu.

"Lakini Mwalimu, hii njo ile nilipakaa kinga ya Papa Ngoy. Mutafanana."

"Paka tu," nikamwambia. "Buluu inazuia kutu." (Mwalimu mzima!)

Tukapatana niifuate Jumamosi. Alhamisi natoka shuleni kwa miguu, njaa inauma, nafika nyumbani, naona nini? Baiskeli ya buluu imeegemea ukuta wangu, ndani sauti ya mwanaume, na Mama Feza anacheka. Ninyi wenye akili jibu mnalo tayari. Kichwani mwangu baiskeli yangu ilikuwa bado nyeusi, na buluu ilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Sasa kwetu mgoni hashikwi kwa maneno, unakamata kitu chake, kofia au shati, unakipeleka kwa mkubwa kiwe shahidi. Sikuingia ndani. Niliikwapua ile baiskeli nikaisukuma barabarani huku napiga kelele, "Ngoy ananiibia bibi! Kujeni muone!", wanakwaya waliokuwa wanajifunza kanisani wakaacha wimbo katikati wakanifuata, wauza mihogo wakafuata, na kufika kwa shefu wa kartie nilikuwa na msafara wa harusi.

Na pale uani kwa shefu amekaa Ngoy, mavumbi mpaka kwenye nyusi, ndiyo kwanza amefika kutoka Manono na barua ya ndugu wa shefu. Baiskeli yake ya buluu iko pembeni, mizigo haijafunguliwa.

Shefu akaitazama ile, akaitazama hii, akaniita kwa heshima ya Zaire. "Citoyen Mwalimu, kinga ya Ngoy njo ile pale. Hii unakamata ni ya nani?"

Kabla sijajibu, Papa Lumbwe akatokea anakimbia, tonge la bukari bado mkononi. "Mwalimu, achia! Rangi haiyakauka muzuri!" Kumbe alikuwa ameletewa mtumbwi mkubwa, akakosa nafasi, akaona aniletee baiskeli nyumbani, na Mama Feza akamkaribisha chakula. Nikaangalia viganja vyangu, buluu. Suruali, buluu. Mtu mmoja akaanza kucheka, wote wakafuata, hata Ngoy, na kicheko cha Ngoy ndicho kiliniuma zaidi (ndiyo, hata pale bado nilikuwa na wivu).

Mama Feza alikuja taratibu. Yeye hakucheka.

"Papa Feza, mulango ilikuwa wazi. Juu ya nini haukuingia?"

Kesho yake alipanda boti na mtoto kwenda kwao Zongwe, jina lake nimelichafua mimi barabara nzima.

Likizo yangu ikaishia huko badala ya Manono. Wakwe walikubali kunisikiliza siku ya tatu, wakanitaka niseme mbele ya kijiji kwamba nilimsingizia binti yao. Nikaanza, wavuvi wakaacha nyavu zao wakasogea, mama mkwe akanikatiza: "Hapana. Sema na ile sauti ulipigia makelele kule Kalemie." Nikapaza sauti mpaka koo likawasha.

Mama Feza alirudi nami. Nimeapa wivu sitaulisha tena, na sivuki kizingiti changu bila kupiga hodi, mlango uwe umefungwa au uwe wazi. Kuna siku namsikia kabisa Mama Feza yuko ndani anasonga bukari, na haniitikii upesi. Nasimama nje, nangoja.