Siku Radi Ilipokuja na Washenga

Siku ya posa yangu mvua ilianza alasiri, wageni wakiwa wameshakaa sebuleni kwetu Yombo. Walikuwa watu wa upande wa mchumba wangu, kwao Sumbawanga: wazee wawili na mama mmoja mshenga, amevaa kitenge kilichopigwa pasi hadi kikakaribia kusimama chenyewe. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa, kwa sababu kwetu anayeposwa hasemi wala haonekani mpaka aitwe. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na ninafundisha fizikia sekondari, watoto sitini wananyamaza nikikohoa. Siku ile nilinyamaza mimi, na kunyamaza hakujawahi kuwa kipaji changu.

Msemaji wetu alikuwa Mjomba. Sisi watu wa kusini, baba atakulea na kukusomesha, lakini ukiposwa mjomba asiporidhia hakuna harusi. Wangu ni fundi samani wa Keko, ana sauti ya mtu aliyezoea kunadi makabati kando ya barabara. Alipoona matone ya kwanza dirishani aliwachokoza wageni.

"Ndugu zetu, mmetuletea na mvua yenu. Ile nyingine lakini muiache hukohuko."

Ukitaja Sumbawanga mbele ya Mtanzania yeyote, utani kwamba watu wa huko humtumia mtu radi haukawii. Wageni walicheka sana. Mzee mmoja akajibu kwamba ile nyingine ameifungia kwenye begi, ataifungua tukimnyima binti. Hata mimi nilicheka kule ndani, nimeziba mdomo kwa mto.

Haikupita dakika, radi ikapiga.

Sikusikia ngurumo. Nilisikia mpasuko mmoja, na kitanda kikanirusha. Taa zilizimika, runinga ikatoa moshi, na plasta ya nguzo ya barazani ikabanduka kutoka juu hadi chini, ikajaa kwenye viatu vya wageni vilivyopangwa mlangoni. Hakuna aliyeguswa. Mama, aliyekuwa ameshafunika vioo vyote kwa khanga tangu wingu la kwanza, alianza rozari kwa sauti.

Mjomba akawageukia wageni.

"Mie nilikuwa natania," alisema taratibu. "Kumbe nyie hamtanii."

"Jamani, mie mkulima wa mahindi," alisema yule mzee wa begi. "Humo kwenye begi mna sweta na dawa za presha. Fungueni wenyewe."

Hakuna aliyelifungua. Mjomba alikohoa, akasema wageni wapumzike, wale, na jibu letu tutawajulisha. Kwetu "tutawajulisha" ni hapana iliyovaa suti. Miaka minne nimempenda mwanaume yule, leo nimkose kwa ajili ya utani wa sweta! Nilifungua mlango nikatoka, kitenge changu cha posa kimening'inia begani.

"Shikamooni," nikasema. "Mjomba, naomba tutoke nje kidogo. Mvua imeshapungua."

Nadhani walinifuata kwa mshangao tu. Niliwasimamisha uani nikawaonyesha juu. Pale nguzo ya baraza inapoishia, zilikuwa zimechomoza nondo nne zenye kutu. Mtaani kwetu karibu kila nyumba inazo: mtu hujenga chini, huacha nondo zimesimama juu, ili anayepita ajue ghorofa inakuja. Za Baba zilikuwa pale tangu niko darasa la tatu. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja, mwakani, na majirani walishamgeuzia jina hilo. Mimi pia nilikuwa namcheka.

"Tazameni ncha ya ile ya kushoto," nikasema. "Imeyeyuka, inang'aa. Radi haidondoki tu kama embe. Inashuka kwa hatua, na ikiwa juu bado haijui itashikia wapi. Ikikaribia, vitu virefu vyenye ncha vinairushia cheche zao kwenda juu. Cheche itakayoungana nayo kwanza ndiyo inayoivuta. Ni kama kumlaki mgeni njiani. Nondo zetu zilitoka kuilaki, ikapitia humu kwenye nguzo mpaka ardhini. Hakuna aliyeituma."

Mjomba alizunguka nguzo, akaipapasa kama anavyopapasa mbao kabla ya kununua. Halafu akamgeukia Baba.

"Shemeji, hii ghorofa unajenga lini? Maana kama unajenga, nondo zina kazi yake, na mie bado nina shaka na wageni. Kama hujengi, basi radi umeiita mwenyewe."

Mantiki hiyo ningeipa sifuri darasani. Lakini macho yote yalikuwa kwa Baba, na ya majirani juu ya ukuta pia. Baba alikuwa karani mstaafu, mtu wa kunyoosha shati kabla ya kujibu salamu. Aliziangalia zile nondo.

"Sijengi," alisema.

Akajikohoza, akaendelea.

"Nilitaka pale juu pawe pa huyu binti. Akiolewa asiende mbali, wakae juu, sie chini. Nikawa nasema mwakani, mwakani, na yeye anakua. Radi nimeiita mie, shemeji. Wageni hawana kosa. Wape mkwe wao."

Mama mshenga alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Vingunguti. Mjomba akamkumbatia mzee wa begi, akimwomba radhi na kumtania kwa pumzi moja, na majirani wakaingia bila kualikwa kuulizia pilau. Nilimwendea Baba nikamshika mkono. Miaka ishirini na zaidi nilipita chini ya nondo zile na kuzicheka pamoja na mtaa mzima, kumbe nilikuwa nakicheka chumba changu.